Amplifaya Isiyofunikwa

Nyumbani kwangu hapa Namuwongo kila kitu kimevaa. Viti vina vitambaa mgongoni, meza ina kitambaa, redio ndogo ina kitambaa, hata mtungi wa maji una kofia ya nyuzi niliyoifuma kwa mikono yangu. Mwanamke wa kanisa asiye na vitambaa, wenzake humtazama kana kwamba katoka nje na sketi ya ndani. Ila kitu kimoja hakina nguo, nacho ndicho kizito kuliko vyote sebuleni: amplifaya. Imekaa juu ya kabati, mgongo wazi, matundu yake yanatazama mabati. Wageni wanakunywa chai huku wanaikodolea macho. Mwishowe mmoja anashindwa kunyamaza, ananiita bibi kwa Kiganda.

"Jaja, mbona hii umeiacha uchi?"

"Kwa sababu ni yangu," namjibu, na namwongeza chai.

Wengi wanaishia hapo. Leo naandika yaliyobaki. Mjukuu wangu alisema nimsimulie tu, yeye ataandika kwenye kompyuta, vizuri. Nikamwambia hapana. Yeye akiandika vizuri nitatoka mpole, na mimi siku ile sikuwa mpole. Niliishia darasa la tatu, herufi zangu zinalala upande kama watu waliokunywa, lakini zinasomeka.

Mume wangu alikuwa mtu wa reli. Tulitoka wote upande wa Kenya, karibu na mpaka, tukaishi miaka mingi katika kota za reli hapa Kampala. Alikuwa kwenye gengi la njia: kuinua vyuma, kubadilisha mataruma yanayobeba reli, kugonga kutwa nzima juani. Mikono yake ilikuwa kama majembe, na sauti yake ya besi ilikuwa nzito hivi kwamba kwenye kwaya walimsimamisha nyuma kabisa asije akawafunika wenzake. Lakini mtu huyo huyo akikaa mbele ya amplifaya yake, vidole vilibadilika, vikawa vya fundi wa saa.

Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama nchi, pamoja na deki ya kaseti na masanduku mawili ya spika, marefu kama watoto wa shule. Sheria yake ilikuwa moja: asiguse mtu. Watoto wasiguse, wageni wasiguse, na mimi ndio kabisa. "Mikono ya jikoni ina mafuta," alikuwa akisema.

Sawa. Mikono ya jikoni ikaleta chai. Na anayeleta chai hajafumba macho. Nilimwona anavyomenya waya. Nilimwona anavyosokota nyuzi za shaba zikazane kama msuko wa nywele, asiache hata unywele mmoja umechomoka, maana ukigusa waya wa jirani mashine inaungua tumbo. Nilimwona anazima kwanza kabla ya kugusa chochote. Nyekundu ya mashine kwa nyekundu ya spika, nyeusi kwa nyeusi. Siku moja alikosea upande mmoja, kwaya ikatoka nyembamba, haina tumbo, kama watu wameimbia ndani ya pipa. Akajicheka peke yake. "Huyu anasukuma, yule anavuta. Reli itakwendaje?" Niliweka sinia, nikatoka zangu. Lakini lile neno nilitoka nalo.

Tulikuwa pia na paka. Paka huyo alipenda kulala juu ya amplifaya, na mume wangu alimchukia kwa hilo. Aliweza kuacha ugali wa moto mezani aende kumrusha chini. Mimi nilidhani anaogopa manyoya. Nilimwona ana roho mbaya tu kwa mnyama.

Aliugua tumbo mwanzo wa mvua, na mvua hazijaisha alikuwa ameshazikwa.

Sasa sikilizeni desturi ya nyumba yao. Mwanamume akifa, vitu alivyokuwa akivishika yeye, ndugu zake wanakuja kuvichukua. Kile ambacho hawajaweza kukichukua kinafunikwa, na anayekuja kukifunua mbele ya watu ndiye anakuwa mwenye mali. Hakuna karatasi, hakuna wakili. Unafunua, watu wanaona, basi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alichukua kiti. Alichukua koti la mvua, la rangi ya kaki. Alichukua baiskeli, akachukua hata msumeno. Amplifaya ikamshinda, maana ilikuwa nzito, na barabara ya kwenda mpakani siku zile ilikuwa na vizuizi vya askari kama meno ya kitana. Basi mama mkwe akatoa kitambaa kutoka kwenye kikapu chake, cheupe, kizito, chenye ua jekundu lililoshonwa kila kona. Akakikunja mara mbili, akaifunika amplifaya kama anafunika maiti.

"Hii asiifunue mtu mpaka mwanangu arudi kuifunua."

Mimi nilikuwa nimenyolewa kichwa, nimekaa chini kwenye mkeka. Nani angeniuliza?

Vita vikafika mjini. Watu wakasema kota si mahali pa kulala tena. Binti yangu mkubwa akambeba mdogo wake mgongoni. Na mimi nikaibeba amplifaya. Nilifunga khanga juu ya kile kitambaa cha mama mkwe, nikajifunga shuka juu ya khanga, nikatoka nayo kama mzazi. Masanduku ya spika na deki vilibaki, nisingeweza. Tukafuata njia ya reli kuelekea Luzira, kwa rafiki yangu wa kanisa. Pale reli inapokata barabara wakatusimamisha. Askari mwenyewe kijana, macho mekundu, Kiswahili cha kambini.

"Wee mama! Mgongoni iko nini?"

"Mtoto, afande."

"Mbona halii?"

"Surua, afande. Macho yamefumba, mwili wote ni moto. Ngoja nikufunulie umwone."

Akaruka nyuma kama nimemtupia nyoka. "Pita! Pita huko na ugonjwa wako!"

Nikapita. Kona ya chuma ilikuwa imeshanichimba chini ya bega, damu inashuka, na sikupunguza mwendo. Alama ninayo mpaka leo. Wakinikosha siku yangu ikifika, watauliza ni nini.

Vita vilipokwisha nilirudi kota nikakuta hata milango imeng'olewa. Spika hakuna, kitanda hakuna. Nikahamia hapa Namuwongo, chini ya njia ya reli, nikakaanga samaki barabarani. Amplifaya nikaiweka juu ya kabati na kitambaa chake. Ikakaa bubu miaka.

Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mama kutoka mashariki ya Kongo, anauza vitenge. Siku moja nilikwenda kwake kuomba chumvi, nikaona vitenge vyake vimepangwa juu ya masanduku mawili marefu yenye kitambaa cheusi mbele. Nikainama. Nikabonyeza kile kitambaa kwa kidole, polepole. Ndani kulikuwa na duara la karatasi ngumu, linarudi kidole kikiondoka.

"Jirani, hii si meza," nikamwambia.

"Ni meza yangu, mama. Ninawekaka bitenge juu."

"Meza gani ina koo?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Yalikuwa ya kundi la kanisa la kaka yake, lililovunjika, na kila mtu akaondoka na alichokipata. "Basi unipe meza ya kweli," akasema. Nikampa meza yangu ya kulia chakula. Wanangu walikula mkekani tangu siku ile, na hawakufa.

Spika hizo zilikaa nyumbani kwangu muda, sijazigusa. Nawaambia ukweli, niliogopa kile kitambaa. Si kitambaa chenyewe, ni yale macho ya mama mkwe niliyokuwa nayaona juu yake.

Halafu njia zikafunguka, mabasi yakaanza kwenda na kurudi, na salamu ikaja kwa mtu aliyetoka nyumbani. Shemeji anakuja. Atakuja kwenye maombi ya ukumbusho wa kaka yake, nitakayoyafanya uani kwangu, na siku hiyo ataifunua amplifaya mbele ya watu aende nayo.

Binti yangu mkubwa alikuwa ameshaolewa, ana tumbo la mtoto wake wa kwanza. Akaniambia, "Mama, mpe tu. Ni chuma. Tunakula chuma?"

"Wewe nilikubeba mgongoni?"

"Ulinibeba."

"Na hii niliibeba mgongoni. Sitoi mtoto."

"Mama, watu wa kwetu watakusema."

"Wana midomo, waseme."

Lakini usiku na mchana nilikuwa nafikiri. Walisema isifunuliwe. Hakuna aliyesema isiimbe. Waya zinaingilia nyuma, na nyuma naweza kuinua pindo tu, kama unavyoinua gomesi, gauni letu refu la hapa, unapovuka dimbwi. Kitambaa kitabaki mahali pake. Shemeji atafika atakuta inaimba nyumbani kwangu, kwa mikono yangu, na hatakuwa na neno la kunishika nalo. Nilijiona mjanja sana. Ujanja huo nusura univue nguo mbele ya kanisa zima.

Jirani alikuja kunishikia. Nilikuwa nimepata waya bapa wa kahawia, nyuzi mbili zilizoshikana ubavu, zote rangi moja. Akasema, "Sasa utajuaje hii na hii?" Nikampa azipitishie kidole. Moja ilikuwa laini, nyingine ina mfupa mwembamba umekimbia juu yake mwanzo hadi mwisho. Yenye mfupa nikaifanya nyekundu, laini nikaifanya nyeusi. Nikamenya kwa meno, maana kisu kilikuwa kinakata mpaka shaba. Nikasokota. Nyuma ya mashine kulikuwa na vikofia vya kuzungusha kwa vidole, vyekundu na vyeusi, kila spika na jozi yake. Nikalegeza, nikaingiza, nikakaza mpaka kucha ikauma.

Shida ilikuwa upande wa spika. Moshi na mafuta ya miaka vilikuwa vimekula rangi zote, kila kitu cheusi. Nikakisia. Nikaunganisha deki niliyoazima kanisani, nikachomeka plagi, nikaweka kaseti ya kwaya yetu ya zamani ya kota, nikaingiza mkono chini ya pindo la mbele nikawasha.

Wanawake wakaimba. Jirani akapiga makofi. "Mama! Imesema!"

"Haijasema," nikamwambia.

Kwa sababu kaseti hiyo naijua. Sauti za wanawake zilikuwepo, wembamba wao wote. Lakini wanaume walikuwa kama wamesimama nje ya nyumba wameegemea ukuta. Hakukuwa na tumbo. Na katika tumbo la kwaya ile kuna sauti moja naitafuta.

Huyu anasukuma, yule anavuta.

Nikazima. Nikaenda kwenye spika moja tu, ile ya dirishani, nikabadilisha waya zake: yenye mfupa ikaenda ilipokuwa laini, laini ikaenda ilipokuwa yenye mfupa. Ile nyingine sikuigusa. Nikawasha tena.

Akaingia. Sina namna nyingine ya kusema. Besi iliingia chini ya mlango, ikapita sakafuni, vikombe kabatini vikaanza kunong'ona. Sauti ile ilikuwa kama gunia la mahindi linaburutwa, nami nilishasahau ilivyo.

Jirani akashika mkono wangu. "Huyu mwanaume ni nani?"

"Mwenye nyumba."

"Ule alikufaka?"

"Huyo huyo."

Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akaweka mguu mmoja nje. "Mwambie mimi ni jirani tu. Mwambie meza nilipewa, sikuiba."

Tulicheka mpaka tukalia, au mimi nililia kidogo, hiyo si kazi yenu.

Siku ya maombi tulitandika turubai uani. Wakaja wamama wa kanisa na gomesi zao, wakaja wazee waliobaki wa reli, akaja mwalimu wetu wa dini, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Spika nilizisimamisha dirishani, zinatazama watu. Amplifaya ilikuwa ndani juu ya kabati, kitambaa chake cheupe kimenyooka, maua yake mekundu kwenye kona. Kaseti inaimba polepole. Nilikuwa nimesimama mlangoni kama bibi harusi.

Shemeji akafika mchana. Alikuwa amevaa lile koti la kaki la mume wangu, kwenye jua lile. Akasimama katikati ya ua, kichwa upande, anasikiliza. Akaisikia besi. Nikamwona uso unabadilika, na kwa dakika hiyo nilimwonea huruma, kwa kuwa alikuwa kaka yake. Halafu akafungua mdomo, huruma ikaisha.

"Nani ameichokoa?"

"Karibu, shemeji. Mimi."

"Umeifunua?"

"Ingia utazame mwenyewe."

Akaingia, akaizunguka kama ng'ombe wa mnada. Kitambaa kipo. Akatoka, akawatazama wazee, akatafuta la kusema.

"Mke wetu, kitu cha mwanamume hakitulii mkononi mwa mwanamke. Leo kinaimba, kesho kinalipuka. Huku ni kubahatisha."

"Kinaimba tangu asubuhi."

"Haya!" Akawageukia watu. "Nyote mnasikia? Hiki kikiimba mpaka maombi yaishe, mimi narudi mikono mitupu. Kikinyamaza, nakifunua, nakwenda nacho. Mwalimu, wewe shahidi."

Mwalimu akarekebisha miwani. "Maombi yanaisha kwa amina yangu ya mwisho," akasema. "Tuelewane hapo."

"Tumeelewana," nikasema.

"Basi ongeza sauti," shemeji akasema, anakaa kwenye kiti cha mbele. "Wazee wa nyuma hawasikii. Au unaogopa?"

Mimi kuogopa? Nikaingia, nikaongeza. Akasema bado. Nikaongeza tena.

Tukaomba. Tukasoma. Mzee mmoja wa reli akasimulia jinsi marehemu alivyoinua taruma peke yake kwa hasira. Kila baada ya neno, kwaya inaimba. Jua likakaa juu ya mabati, ndani mkawa kama tanuri la mikate. Mimi nilikuwa nahesabu furaha yangu kichwani.

Na katikati ya wimbo, nikasikia ndani, juu ya kabati: tak.

Kimya.

"Umeme umekwenda," mtu akasema. Lakini taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Nikakimbia ndani. Kaseti inazunguka. Nikainua pindo la mbele, kijicho cha kijani cha amplifaya kinanitazama, kizima kabisa, lakini mdomo umefungwa. Nikazima, nikapitisha kidole nyuma kwenye vikofia vyote. Vimekaza. Hakuna unywele wa shaba uliochomoka. Nikawasha. Kimya. Nje watu wameanza kuzungumza, na nikamsikia mmoja wa wamama, simtaji, anasema, "Marehemu amekataa."

Binti yangu akaja na tumbo lake, anahema. "Mama, basi. Basi, mama. Umejaribu."

Nyuma yake akaingia shemeji. Alikuwa anajifuta mikono kwa leso, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekwenda kukata nyama. Watu wamejaa mlangoni na dirishani.

Nikaweka kiganja juu ya kitambaa, nimzuie shemeji tu. Nikautoa mkono haraka. Kilikuwa moto kama kikaango.

Hapo akilini nikamwona yule paka wetu wa kota. Nikamwona mume wangu anaacha ugali, anamrusha chini, anapangusa yale matundu ya juu kwa mkono wa shati. Haikuwa manyoya. Ilikuwa pumzi! Mnyama alikuwa anaiziba pua. Na sisi tumeizibia pua kwa kitambaa kizito kilichokunjwa mara mbili, kwa heshima, na mimi na ujanja wangu wa pindo nimeiimbisha hivyo hivyo tangu asubuhi.

Na nikaona jambo la pili, ambalo lilinitia baridi kwenye joto lile. Shemeji akikivuta kitambaa, amplifaya itapumua. Ikipumua itaimba. Itaimba mkononi mwake, mbele ya kanisa na wazee wa reli, na mpaka nife watasema marehemu alimtii ndugu yake.

Mkono wake ulikuwa umeshafika karibu.

Nikashika kona yenye ua jekundu, nikavuta.

Kilitoka chote mara moja. Harufu ya vumbi lililoungua ikajaa chumbani. Watu wakasema "Eee!" kwa pamoja, kama wamemwagiwa maji.

"Umefanya nini, mke wetu?"

"Nimefunua."

"Wewe? Una haki gani?"

Nikamgeuzia mgongo. "Uliza huu. Hapa chini ya bega. Siku askari wamejaa njiani, wewe ulikuwa wapi na haki yako?"

"Imenyamaza!" akapiga kelele. "Mlikuwepo! Imenyamaza, nimeshinda!"

"Sijasema amina," mwalimu akasema kutoka mlangoni. Alisema taratibu, kama anasahihisha mtoto.

Nikachukua ungo wa kupepetea mchele, nikaanza kuipepea ile amplifaya. Kwa mikono miwili, gomesi inapanda na kushuka. Shemeji akacheka mpaka akashika kabati.

"Tazameni! Anapepeta chuma! Mke wetu, ukipata pumba nigawie!"

"Mwache apepete," jirani yangu akamjibu kutoka dirishani. "Wewe koti ya marehemu umevaa, chakula yake umekuja kula, sasa unataka na pumzi yake?"

Wamama wakapiga vigelegele. Mwalimu akaona afadhali aombe. Akafumba macho, akaanza sala ya mwisho, na Mungu ambariki mzee yule popote alipo, hakuna sala ndefu kama ile iliyowahi kusaliwa Namuwongo. Aliombea marehemu. Aliombea wajane. Aliombea wagonjwa, wafungwa wa Luzira na walinzi wao. Shemeji akakohoa. Mwalimu akaombea wasafiri wote wa mabasi, akaombea reli, vyuma na mataruma yake. Mikono yangu inawaka, jasho linaingia machoni, nami napepea. Shemeji akasema, "Mwalimu, amina basi." Mwalimu akaombea wenye haraka. Akaombea ziwa. Akaombea samaki wa ziwani, wakubwa na wadogo, na nikamsikia anapumua, anatafuta kiumbe kingine cha kuombea.

Tak.

Ile besi ikatoka dirishani ikawapiga vifuani. Ungo ukaniponyoka. Mwalimu akafungua jicho moja.

"Amina," akasema.

Shemeji alikula, siwadanganyi. Samaki wangu mtu hawaachi hata akiwa na kisirani. Akanawa, halafu akaingia ndani akaokota kile kitambaa chini, akakikunja vizuri, ua juu ya ua, akakiweka kwenye mfuko wa koti. Alikuja kufunua, akaenda na kifuniko. Mama mkwe alituma neno kwamba nisikanyage kwake tena. Nilikanyaga siku ya mazishi yake, na nikaimba, na hakuna aliyenitoa.

Siku hizi wajukuu wana visanduku vya muziki vidogo kama sabuni ya kufulia, wanavibandika kwenye simu. Wananiambia, "Jaja, tupa hiyo kitu." Nawaambia walete visanduku vyao, tuwashe vyote pamoja, tuone kikombe cha nani kitatikisika kabatini. Hawaleti. Na binti yangu, aliyeniambia nitoe, sasa anawasimulia watoto wake kama yeye ndiye aliyeshika ungo.

Kikofia kimoja chekundu kimevunjika, naukaza waya kwa kibanio cha nguo. Nina paka mwingine, naye ana tabia ile ile. Namrusha chini, hata chakula kikiwa kinapoa.

Binti yangu, nawe mjukuu uliyetaka kuniandikia vizuri, someni hapa. Nikifa, funikeni viti, funikeni meza, nifunikeni na mimi. Hiyo msiifunike. Sitaki mtu aje kufunua.